Nyumba Isiyo na Mgonjwa

Mwanamke alikuwa ameketi sakafuni kwenye ofisi ya kijiji, miguu ameinyoosha, mikono imefungwa kamba ya katani. Nje ya dirisha watu walikuwa wamesimama wakisubiri, na hawakuwa wanapiga kelele. Sajenti Mabruki, askari kanzu wa Tabora, alikuwa amezoea watu wenye kelele. Hawa wa kunyamaza ndio aliowaogopa.

"Shikamoo baba," mwanamke alisema.

"Marahaba. Jina lako?"

"Nyamizi."

"Unajua kwa nini umefungwa, Nyamizi?"

"Kwa sababu wanangu ni wazima."

Mabruki alivuta kigoda akakaa karibu naye. Jibu hilo lilikuwa kweli tupu. Kijiji cha Jitegemee kilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Watu walizolewa na malori wakati wa Operesheni, nyumba zao za zamani zikachomwa moto pamoja na vihenge vya nafaka, wasipate cha kurudia, wakaja kupangwa huku kwa mistari kama matuta ya viazi. Sasa mstari mmoja mzima ulikuwa na makaburi nyuma ya nyumba. Ugonjwa ulianza na tumbo. Mtu akatapika, macho yakageuka njano, tumbo likajaa maji, mwisho akalala usingizi wa moja kwa moja. Watoto wengi kuliko wakubwa. Mganga wa zahanati alikuja, akaacha vidonge, akaondoka na baiskeli yake. Kijiji kikasema ni sumu. Kwenye mstari ule nyumba moja tu haikuwa na mgonjwa, na mwenye nyumba ndiye huyu.

Inspekta alikuwa amempa Mabruki amri asubuhi, kikombe cha chai mkononi: "Kamlete huyo mwanamke na sumu yake. Treni ya jioni uwe umerudi." Akimwacha hapa, watu wa dirishani watamuua kabla jua halijazama. Akimpeleka Tabora mikono mitupu, bila ukweli wowote, serikali itamnyonga kwa utaratibu. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti.

"Nyumbani kwako mnakula nini?"

"Tunachokula wote."

"Mahindi ya ghala la kijiji?"

"Ndiyo baba."

"Meupe?"

Nyamizi akatazama vidole vyake vya miguu. "Meupe, baba."

Mabruki akaliweka hilo kichwani. Alipoulizwa habari ya kifungo, mwanamke alimtazama usoni. Alipoulizwa habari ya mahindi, akaangalia chini.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Modest, Katibu Kata, na kaunda suti yake iliyopigwa pasi kama vile msiba ulikuwa wa kijiji kingine. Akaweka chupa mezani.

"Ndugu Sajenti, kesi imeiva hii. Ni kuibeba tu. Mgambo wameikuta nyumbani kwake. Dawa ya kuulia wadudu wa tumbaku."

"Nyumba nyingine mmepekua?"

"Za nini? Hizo ndizo zenye maiti."

"Shamba la tumbaku ni la kijiji. Kila nyumba ilipewa chupa yake, si ndiyo?"

"Ilipewa. Lakini si kila nyumba ina roho mbaya."

Mabruki akaigeuza chupa kwenye mwanga. Aliwahi kumwona mtu aliyekunywa dawa hiyo kule Kaliua, baada ya kugombana na mkewe. Povu mdomoni, jasho kama kamwagiwa ndoo, mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano, na alikuwa maiti kabla maji ya ugali hayajachemka. Hawa wa Jitegemee walikufa taratibu, siku baada ya siku, macho ya njano. Kisha kulikuwa na kizibo.

"Ndugu Katibu, hii haijafunguliwa. Karatasi ya kiwandani bado imezunguka shingo."

Modest akakohoa. "Basi aliyotumia aliitupa."

"Huenda," Mabruki akasema, akaitia chupa mfukoni. "Nionyeshe aliyemshitaki."

Mshitaki aliitwa Kashindye. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, amenyolewa kichwa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa kaburini, na wa pili kazikwa jana. Mabruki alimpa pole, akakaa chini pamoja naye. Naye alikuwa amezika mke mwaka ule ule wa kuhamishwa, kwa hiyo hakuongeza maneno.

"Ulimwona akitia sumu?"

"Nione nini zaidi? Kila gunia lililotoka ghalani lilipita kwenye ungo wake. Alipeta, akasugua mahindi kwa majivu, ndipo tukagawiwa. Mahindi yetu wote yamepita kwenye mikono yake. Wanawe wazima, wetu wamekufa. Wewe ni polisi, jumlisha."

"Kazi hiyo ya kupeta nani alimpa?"

"Katibu."

"Alimlipa nini?"

"Atajua mwenyewe. Mimi sikuwa nahesabu malipo ya watu, nilikuwa nachimba kaburi."

Kuku wakapita katikati yao, jogoo na mitetea, manyoya yanang'aa. Mmoja akadonoa ukingo wa mkeka. Mwaka ule hata watu wenye mishahara walikuwa wamekaza mikanda.

"Una kuku wanene."

Kashindye akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Umekuja kununua kuku?"

"Nauliza tu wanakula nini."

"Yale ya msaada, ya njano. Nani mwingine atayala? Huko Marekani wanapewa nguruwe. Katibu alisimama mkutanoni hapa akatwambia kijiji cha Jitegemee hakili cha kuletewa, tuna ghala letu limejaa. Na watu wanasema ukila ile njano inakutokea machoni. Sasa umeridhika na habari za kuku?"

"Leo msiba unakula nini?"

"Ghala limefungwa, wanasema limekwisha. Dada yangu Mwanajuma amekwenda Tabora kutafuta unga. Akiukosa, watu watakaa na njaa yao." Akaelekeza mkono kwenye ofisi. "Lakini huyo hatalala hai, nakwambia. Hata wewe ukiwa na bastola."

Mabruki hakuwa na bastola. Aliondoka kwenda nyumba isiyo na mgonjwa.

Mama mkwe wa Nyamizi alikuwa amejifungia ndani na wajukuu watatu. Alifungua aliposikia neno serikali, kwa woga tu. Watoto walikuwa na njaa ya kawaida, ile ya kila mtu, lakini macho yao yalikuwa meupe na matumbo yao hayakuwa na maji. Mdogo alikuwa anatafuna kitu. Mabruki alitazama huku na huko. Jiwe la kusagia lilikuwa limefunikwa kwa gunia. Kinu kilikuwa kimelazwa chini ya kitanda, mahali ambapo hakuna mwanamke anayeweka kinu. Chungu kilikuwa kona ya giza, kimejazwa maji.

Alimwaga yale maji. Bibi akasema, "Baba, ukoko huo, ni uchafu."

Mabruki akakwangua ukoko kwa kucha akautoa mlangoni kwenye jua. Ulikuwa wa njano kama kiini cha yai. Akafunua lile gunia. Mipasuko ya jiwe ilikuwa imejaa vumbi la njano.

Bibi kizee alimshika mkono kwa nguvu. "Baba yangu, usitoke nacho nje hicho."

"Mama, wanataka kumuua mkwe wako."

"Wakimuua watakuja kumlilia. Wakijua tunakula njano, watacheka mpaka hawa wajukuu waote mvi."

"Mnakula tangu lini?"

"Tangu kazi ya ghalani. Alilipwa hayo kwa sababu hakuna aliyeyataka. Tunapika mlango umefungwa. Watoto nimewaapisha."

Yule mdogo akaficha mkono nyuma.

Mabruki akarudi ofisini na chungu mkononi, amekifunika kwa koti lake. Aliwatoa mgambo nje, akamweka Nyamizi chungu mbele ya miguu.

"Umeniongopea."

Kwa sumu hakulia, kwa kamba hakulia. Alipoona chungu chake ndipo machozi yakamtoka. "Nani amekwambia?"

"Ukoko. Sasa nieleze habari ya ghala, yote."

"Ilikuwa mvua bado inanyesha. Katibu alisema mahindi yavunjwe upesi, ghala lijae, kuna mgeni mkubwa wa kuja kulifungua. Tukavunja. Magunzi yalikuwa yanatoa maji ukiyaminya. Zamani kwetu mahindi yanakaukia shambani, halafu unayaweka darini juu ya moto yapate moshi. Huku dari gani, mabati? Tukayamimina ghalani juu ya saruji, likajaa, mlango ukafungwa. Mgeni akaja, akapigiwa makofi, akaondoka. Walipofungua kugawa, moshi ukatoka."

"Moshi?"

"Mvuke, kama chungu. Mahindi yalikuwa ya moto ukitia mkono. Yameshikana mabonge, yana vumbi la kijani. Katibu akaniita, akasema peta vumbi litoke, yasugue majivu harufu iishe. Mikono ikaniwasha, pua zikaziba. Nikamwambia, Ndugu Katibu, haya yamevunda. Akasema, wewe peta."

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

Nyamizi akamshangaa. "Nilimwambia mkubwa. Ukishamwambia mkubwa, unamwambia nani tena?"

"Ulijua yataua?"

"Nilijua yananuka, baba. Watu wamekula vilivyonuka siku nyingi kwenye njaa. Kufa sikujua. Ningejua, unafikiri ningenyamaza kwa ajili ya Katibu?" Akajifuta pua begani, maana mikono ilifungwa. "Ila mimi sikuyala. Hilo ndilo kosa langu."

Ufunguo wa ghala, Modest alisema, ulikuwa na mtunza ghala, na mtunza ghala alikuwa Tabora. Mabruki aliomba nondo. Modest akasema ni mali ya kijiji, si vizuri kuvunja. Mabruki akavunja kufuli kwa nondo ya kijiji.

Ndani kulikuwa kutupu. Sakafu imefagiwa, mistari ya ufagio inaonekana. Lakini ukuta hawakuukumbuka. Kutoka chini hadi kifuani mwa mtu mzima, saruji ilikuwa na doa la kijivu na kijani, limepanda na kushuka kama alama ya maji ya mafuriko. Juu ya doa hilo ukuta ulikuwa safi. Kwenye kona ya nyuma ya mlango ufagio haukufika. Mabruki akachokoa kwa nondo, likaanguka bonge. Punje zilikuwa zimeungana kwa kuvu kama zimefinyangwa pamoja. Alilinusa mara moja tu. Akalifunga kwenye leso.

"Mengine yako wapi, Ndugu Katibu?"

"Yaliharibika kidogo. Tukaona tusiwape wananchi."

"Mlipoona nini? Makaburi?"

"Chunga ulimi, Sajenti. Tuliyauza mjini. Mahindi ya pombe. Pombe haibagui."

"Yakiwa na vumbi lake la kijani?"

"Yalipetwa yote. Hatuuzi uchafu."

"Lori lilishusha wapi?"

Modest alitazama saa yake, kisha mlango. "Kwenye mashine ya Popatlal, ya kusaga."

"Wapika pombe wanataka kimea, Ndugu Katibu. Wanaanza na punje nzima iote. Tangu lini pombe ikaanzia mashine ya unga?"

Nje kulikuwa na sauti, za kwanza siku ile. Watu walikuwa wamechoka kunyamaza. Mabruki alitoka akawakuta mgambo wamesukumwa pembeni, mlango wa ofisi uko wazi, na Nyamizi ameburutwa hadi uwanjani. Kashindye alikuwa mbele, ana mpini wa jembe.

"Kashindye! Ngoja nikuonyeshe sumu."

Hilo liliwasimamisha. Kila mtu anataka kuiona sumu. Mabruki akaingia ofisini, akatoka na chungu. Akakiinua kwenye jua, ndani kumewageukia, ukoko wa njano umezunguka pande zote.

Kisha mwanamke mmoja nyuma akacheka, kicheko kifupi cha puani, mwingine akadakia. "Kumbe! Anakula cha nguruwe!" "Ndiyo maana anapika mlango umefungwa!" "Nyamizi, usiku unakoroma kama nguruwe?" Watu waliokuwa tayari kuua walikuwa sasa wanacheka, na Nyamizi alifunika uso kwa mikono yake iliyofungwa. Mabruki alitia kidole kwenye chungu, akalamba ule ukoko mbele yao wote.

Kashindye hakucheka. "Hiyo ndiyo sumu?"

"Hiki ndicho wanachokula watoto wake. Tangu ugonjwa haujaanza hadi leo."

"Na hawajafa."

"Hawajafa. Kuku wako wanakula nini, Kashindye?"

"Nimeshakwambia. Njano."

"Na watoto wako ulikuwa unawapa nini?"

"Meupe." Alisema kwa kiburi, kichwa juu. "Wanangu sikuwapa cha kuletewa hata siku moja. Hata walipougua, niliwakorogea uji wa meupe, nikawanywesha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, mpaka..."

Mpini wa jembe ulishuka hadi ncha yake ikagusa vumbi. Wale waliokuwa wanacheka walikoma mmoja mmoja, kila mmoja akihesabu chungu chake. Mabruki akafungua leso, akaliweka lile bonge chini, katikati. Hakuna aliyelikaribia.

Jogoo wa Kashindye alikuja akalizunguka, akageuza kichwa upande, akatazama kwa jicho moja. Akaliacha.

Ni baada ya hapo ndipo watu walipoanza kumtafuta Katibu kwa macho. Modest mwenyewe ndiye aliyeomba kupanda tela la trekta lililokuwa likiwapeleka Mabruki na Nyamizi stesheni, na alipanda kabla hajaambiwa, akakaa katikati, magoti juu, kaunda suti yake vumbi tupu.

Kwenye stesheni ya Igalula, mkuu wa stesheni alimpa Mabruki simu. Inspekta alikuja kwenye waya baada ya muda mrefu.

"Mwanamke unaye?"

"Ninaye afande, lakini ni shahidi. Kuna lori la mahindi mabovu limeshuka mashine ya Popatlal. Unga usimamishwe."

"Nani kakwambia mabovu? Daktari?"

"Nimeyaona, afande. Nimeyanusa."

"Mji una njaa, Sajenti. Nisimamishe unga kwa sababu ya pua yako? Nitamwambia nini Mkuu wa Mkoa?"

"Watu watakufa, afande."

"Leta mwanamke."

Simu ikakatwa. Mabruki akatoka nje. Nyamizi alikuwa ameketi kwenye benchi la stesheni, kamba bado mikononi, kwa sababu alikuwa amesahaulika kufunguliwa. Modest amekaa mwisho wa benchi, mbali naye.

"Wamesemaje?" Nyamizi akauliza.

"Wamesema nikulete."

"Na unga?"

Treni inayotoka Tabora iliingia ikakata mazungumzo. Wachache waliteremka. Wa mwisho alikuwa mwanamke wa makamo, kanga ya msiba kiunoni, mfuko wa unga kichwani, anatembea haraka kama mtu anayesubiriwa. Alipoliona benchi akasimama.

"Huyu mchawi bado anapumua?"

"Wewe ndiye Mwanajuma, dada yake Kashindye?" Mabruki akasema. "Shusha mzigo, mama."

"Ni chakula cha msiba. Watu hawajala tangu jana."

"Shusha."

Akaushusha kwa manung'uniko. Unga ulikuwa mweupe, mzuri, mtu yeyote angeusifu. Mabruki akainamisha uso, lakini moshi wa treni ulikuwa umejaa hewani na hakunusa kitu. Akamfungua Nyamizi kamba.

Nyamizi akapiga magoti. Alichota kidogo, akausugulia kwenye kiganja kwa dole gumba, taratibu, akarudia. Pale alipopitisha dole pakabaki mstari wa kijivu na chembe ngumu ndogo ndogo.

"Majivu," akasema. "Ni ya mikono yangu haya. Nilisugua hadi gunia la mwisho, kabla lori halijaja."

Modest alisema kwa sauti ndogo kwamba walikubaliana yawe ya pombe.

Mabruki aliinua mfuko kwa pembe zake mbili, akaumwaga wote katikati ya reli. Mwanajuma akapiga ukelele, akashika kichwa.

"Unamwaga chakula cha marehemu! Unajua nimeupataje huo? Nimesimama tangu alfajiri! Foleni ilizunguka soko lote, wanawake wanakanyagana na watoto mgongoni, wengine wamerudi mikono mitupu wanalia!" Akauangalia ule unga kwenye kokoto, upepo unaanza kuuchukua. "Sisi tuliopata ndio tuliokuwa na bahati."